Mtihani wa Kwenye Simu

Baba yangu alikuwa akipokea simu akiwa amesimama. Ikilia amekaa, anainuka kwanza, anafunga kifungo cha juu cha shati, ndipo anabonyeza. Marehemu mama na mimi tulimcheka sana kwa hilo, lakini hakuacha. Alisema huwezi kujua anayekupigia ni nani, na si vizuri mtu akukute umejilaza. Namba yake ninayo mpaka leo. Laini ilishafungwa, nikipiga naambiwa haipatikani, na bado zipo siku napiga. Natamani nisikie tu kile kikohozi chake kifupi, kile cha kusafisha koo kabla hajasema haloo.

Tuliishi wawili Segerea, kwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga tofali kwa tofali kwa mshahara wa ualimu. Mama alishatutoka. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, nikipanda magari mawili kila siku kwenda kwenye kazi yangu ya ukarani Kinondoni. Mchana kutwa baba alibaki na redio na simu. Redio alibishana nayo. Simu ndiyo iliyomletea watu.

Alikuwa amefundisha shule mbili kule bara, ya kwanza kijijini milimani, ya pili kwenye mji mdogo wa reli. Wanafunzi waliopita mikononi mwake hata yeye hakuweza kuwahesabu. Wengi walikuja mjini, namba yake ikawa inapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na hawakosi wawili watatu kwa wiki wa kumjulia hali.

Sasa, sisi tuna tabia yetu kwenye simu. Mtu akikupigia hasemi yeye ni nani. Anakusalimia salamu ndefu, anauliza nyumbani, anauliza kazi, halafu anakutega: "Umenisahau, siyo?" Na ni aibu kumjibu kwamba ndiyo, umemsahau. Kwa mwalimu aibu hiyo ni mara mbili, maana kila mwanafunzi anaamini kwamba yeye alikuwa wa pekee. Kwa hiyo baba, ambaye kumbukumbu ilishaanza kumpiga chenga, alikuwa na ujanja wake. Anabahatisha. "Wewe si yule wa dawati la dirishani?" Anayepiga anacheka, anajazia jina, mazungumzo yanaendelea na heshima ya kila mtu iko palepale. Niliusikia ujanja huo mara mia na kila mara nikatabasamu. Kwa upana wa mlango aliouacha wazi angeweza kupita mtu na tembo wake, na mimi sikuuona.

Kuna mwanafunzi mmoja baba hakuhitaji kubahatisha jina lake. Nyumbani kwetu tulilijua jina hilo kama la ndugu aliyepotea. Watoto wenzangu walihadithiwa sungura na fisi, mimi nilihadithiwa huyo. Alikuwa wa kwanza darasani kule milimani, mtoto wa mjane. Siku moja saa ya mezani ya ofisi ya walimu haikuonekana, na mtu wa mwisho kuonekana karibu na mlango alikuwa yeye. Baba alimtoa mstarini mbele ya shule nzima, akamchapa, akamwita mwizi. Mtoto hakulia. Mchana ule alikwenda kwao na hakurudi tena shule. Wiki haijaisha, mwalimu mwenzake na baba akarudi kutoka mjini na ile saa mkononi; alikuwa ameipeleka kwa fundi bila kumwambia mtu. Baba alipanda mlima jioni ileile kwenda kuomba radhi. Akakuta mtoto ameshapelekwa kwa mjomba wake, mkoa wa mbali, na hakuna aliyetaka kumwambia mwalimu ni wapi.

Aliandika barua kwa miaka. Alipokuja mjini aliuliza kila mtu wa kule aliyekutana naye. Akizeeka, jambo hilo halikupungua, likazidi. Akishakula usiku, anakaa na kusema, kama vile tumetoka kulizungumza sasa hivi, "Alikuwa na mwandiko mzuri, yule."

Sasa fikiria mtu anapiga, anamwita mwalimu kwa sauti ya adabu, anamuuliza kama amemsahau. Baba akauliza ni wa shule ipi. Yule akajibu, "Kule kule mwalimu, shule ya zamani." Nasimulia kama baba alivyonisimulia mwenyewe baadaye, neno kwa neno, maana hakuwa mtu wa kuficha kosa lake. Sauti ilimwingia moyoni. Akalitaja lile jina. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Ndiye mimi, mwalimu," yule mtu akasema.

Baba akalia. Akamwambia, mwanangu, nisamehe kwa ile saa, ilipatikana, nilikuchapa bure. Basi tapeli akawa amepewa jina, amepewa saa, amepewa na machozi, na hakuwa ametumia hata dakika tatu. Akajibu kwa upole kwamba yale yalishapita, alishasamehe tangu zamani.

Alipiga kila siku kwa wiki mbili, saa ambazo mimi niko kazini. Alikuwa ughaibuni, mkubwa kwenye kampuni ya meli. Alikuwa amemtumia mwalimu wake zawadi ya friji na kitanda kizuri cha mzee, na akija likizo atampeleka India akatibiwe macho. Maana baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na fedha ya upasuaji ilikuwepo, salio la mwisho la kiinua mgongo chake, tunangoja siku ya daktari tu. Mzigo umefika bandarini, akasema, ila ushuru unatakiwa leo, ofisi inafunga saa kumi. Na asimwambie binti yake, iwe ya kumshtukiza. Leo nimejifunza kwamba haraka na siri zikija zimeongozana, katikati yake yupo mwizi. Wakati ule hata ningeambiwa ningejiona ninajua.

Duka la kona, ambalo pia ni uwakala wa kutuma fedha, ni la mama mmoja wa Kiarabu ambaye familia yake iliuza sukari na mafuta ya taa mtaani kwetu kabla hata ya lami. Baba alipokwenda kutuma mara ya tatu, alimzuia.

"Mwalimu, jina linalonitokea hapa si hilo unalonitajia," alimwambia. "Huyu unamjua kweli?"

"Hiyo ni laini ya karani wake wa bandarini," baba akamjibu. "Mwenyewe ni mwanangu."

Na mtu akishasema ni mwanangu, nani ana ubavu wa kuendelea kuuliza? Mama wa dukani alituma, kisha hakulala vizuri. Jumamosi akanikamata nikinunua sabuni, akaniambia yote.

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Baba alikuwa sebuleni amesukuma makochi upande mmoja, amefagia kona ya dirishani. Alikuwa anaandaa mahali pa friji.

Mimi nina hasira za karibu, najijua. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Nilimwambia msomi mzima ameibiwa kama mtoto wa chekechea, kwamba amemlipa mwizi kwa macho yake mwenyewe. Ile namba tulipoipiga ilikuwa imezimwa. Nilikwenda polisi wakaandika maelezo, nikaenda kwa watu wa mtandao wakaniambia laini imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa mkoani, naye pengine hajui chochote. Jioni nikarudi nimechoka, nikamkuta baba amekaa kwenye kochi lililosukumwa, hajalirudisha. Nilidhani ataniuliza habari za fedha.

"Kwa hiyo hata ule msamaha haukuwa wake?" akaniuliza.

Nilikwenda jikoni nikalia huko, huku nimefungulia maji ili asinisikie.

Baada ya hapo nilimfundisha, mimi karani nikimfundisha mwalimu. Usitaje jina la mtu, baba, mwache ajitaje. Akijitaja, muulize kitu ambacho mgeni hawezi kukijua. Akikuomba hela, kata simu, kisha umpigie kwa namba unayoijua wewe. Alinisikiliza kimya kama mwanafunzi mzuri. Kesho yake aliniomba ninunue daftari la kurasa arobaini na nane.

Kumbe alishatunga mtihani. Kwa sababu macho hayakuona tena kuandika, alinitamkia mimi nikaandika, maswali ukurasa wa kushoto na majibu wa kulia. Kengele ya shule ilikuwa kitu gani. Mwalimu mkuu alikuwa na baiskeli au pikipiki. Choo cha wavulana kilianguka kwa sababu gani. Nilicheka mpaka kalamu ikaniponyoka, na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu lile jambo. Kila mtu aliyepiga akawa anafanyishwa mtihani, huku baba amesimama na kifungo kimefungwa. Wanafunzi wa kweli walifurahi hao, walijibu na kuongeza yao. Matapeli nao hawakukosa, maana ukishaibiwa mara moja namba yako inauzwa kama nyanya. Mmoja wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" aliulizwa habari ya choo cha wavulana, akababaika, baba akamwambia, "Umepata sifuri. Rudi mwakani." Nilimpenda sana baba yangu siku hiyo. Nikikumbuka miezi ile najua ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote tuliyokaa pamoja, na ningetoa chochote nilicho nacho niandike tena ukurasa mmoja wa daftari lile.

Lakini nilikuwa nikiona pia mambo mengine, nikayapuuza. Alikuwa akichanganya. Mke wa mwalimu mkuu wa shule moja alimwoza kwa mwalimu mkuu wa shule nyingine. Ng'ombe aliyemjeruhi mlinzi milimani akawa siku hizi amefanya hivyo kule relini. Mimi niliandika alichosema, kama karani anavyoandika.

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, tumekula. Baba alikwenda kujipumzisha. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido nikikunja nguo, simu yake ikalia juu ya meza. Nilipokea haraka isimwamshe.

"Shikamoo mwalimu," sauti ya mwanaume mtu mzima.

"Mwalimu amelala. Nani mwenzangu?"

Akajitaja. Akataja lile jina.

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwona yuleyule, amerudi, amemaliza za macho anatafuta za jeneza. Nilijikaza kwa sababu nilitaka nimwadhiri kwa utaratibu. Nikamwambia kabla sijamwita mwalimu ajibu swali, kengele ya shule yao ilikuwa kitu gani.

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeguswa. "Rimu, dada. Rimu la lori, tulikuwaga tunaligonga na nondo."

Daftari sikulihitaji, nililijua kwa kichwa. Kengele: kipande cha reli.

Hapo ndipo niliufungua mdomo wangu. Nilimwambia ni mwizi. Nilimwambia mwizi mkubwa wewe, mwizi tangu utoto wako, mwalimu anakujua na sisi wote humu ndani tunakujua, usithubutu kupiga tena. Nilisema kwa sauti ya chini, kwa meno, kwa ajili ya aliyelala, na nadhani hilo lilifanya iwe mbaya zaidi. Nilisikia anavuta pumzi mara moja, kisha simu ikakatika. Nikaifungia ile namba nikarudi kwenye nguo zangu, nikijiona nimelinda nyumba.

Baba alipoamka aliuliza kama kuna aliyepiga.

"Tapeli tu, baba. Ameanguka swali la kwanza."

"Alipata ngapi?"

"Sifuri."

Akacheka, akaomba chai. Kwa nini sikumtajia lile jina? Nilijiambia sitaki kumtonesha kidonda. Wema wangu wa siku ile nimeuchambua mara nyingi, nikakuta ndani yake kuna kiburi kingi.

Alifariki masika yalipoanza, presha, siku mbili tu hospitalini. Fedha ya macho nilikuwa sijaikamilisha upya. Alikufa bado anauliza watu wa kule milimani kama wana habari.

Wanafunzi walikuja wengi, turubai halikutosha. Siku ya pili alikuja mwanaume mmoja mwenye mvi, mikono ya kazi, akakaa nyuma kabisa. Alibeba jeneza na wengine. Matanga yalipovunjwa na watu wakaanza kutawanyika, yeye alibaki kupanga viti vya kukodi, vyote, bila kuombwa. Kisha akauliza binti wa mwalimu ni yupi, wakamleta kwangu pale kwenye korido nilikokuwa nimeegemea ukuta.

"Shikamoo kaka," nilimwamkia.

"Marahaba. Pole sana dada. Mie mwalimu alinifundisha kule milimani." Akasita. "Nina karakana yangu ya milango na madirisha Boko, miaka mingi tu nipo. Sikujuaga kama na yeye yupo mji huu."

Nilimshukuru kwa viti. Nilidhani anaaga.

"Mwaka jana nilipata namba yake," akaendelea. "Nikakaa nayo miezi mitatu, naogopa. Kuna jambo lilitokeaga utotoni, mimi na yeye. Siku nikajikaza, nikampigia. Akapokea dada mmoja. Akaniuliza kengele yetu ilikuwa nini, mie nikafurahi, nikamwambia rimu la lori. Dada, aliniita mwizi. Akasema mwalimu ananijua, na nyumba nzima wananijua." Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Nikasema basi. Kumbe mpaka leo mwalimu anaamini ile saa niliiba mie, mpaka kawahadithia watoto wake. Lakini mwalimu ni mwalimu. Nimekuja nimzike."

Milimani hakuna reli. Haijawahi kupita treni kule, mtoto wa darasa la tatu anajua. Niliandika jawabu lile kwa mkono wangu mwenyewe, nikaliamini kwa sababu lilikuwa limeandikwa, na mtu ambaye baba alimtafuta maisha yake yote, aliyekuja na jawabu la kweli, nikamfukuza nalo. Nimesikia watu wakisema hasira hasara. Waliosema hivyo walikuwa na hasara ndogo.

Ningeweza kunyamaza. Hakunijua sauti, kwa simu nilikuwa nimeongea kwa meno.

"Ni mie niliyepokea," nikasema. "Mwalimu hakusema neno hilo. Alikuwa amelala. Kuna tapeli alitumia jina lako, nikadhani ni yeye."

Aliniangalia.

"Na saa?"

"Ilionekana wiki ileile. Alikuja kwenu jioni ileile kukuomba radhi, akakuta umeondoka. Amekutafuta mpaka wiki iliyopita."

Mtu mzima yule aliweka mkono ukutani. Nilitaka anitukane. Nilitaka anirudishie lile neno mbele ya shangazi zangu wote ili nipate pa kuanzia kulipa. Hakunitukana. Machozi yalimtoka, halafu akauliza siku ile mwalimu alikuwa amelala wapi.

Nikamwonyesha kwa mkono. Mlango wa pili, hatua nne kutoka pale nilipokuwa nimesimama na simu.